Asilimia 80 ya wapiga kura wa wadi yako utawatoa wapi?

Usiipeleke hati ya shamba benki bado, kaka. Umeandika kwamba unawania kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kwamba wadi yenu ina wapiga kura 16,000, asilimia 80 watajitokeza, na nusu yao ni wa chama chenu kwa kuwa mgombea urais wenu alizoa kura huko 2022. Basi una kura 6,400 kibindoni, unataka tu ushauri wa tiketi, tisheti na matangazo ya redio. Hapana. Hesabu hiyo ndiyo iliyotumaliza sisi.

Mwaka 2022 nilisimamia kampeni ya shemeji yangu aliyewania kiti cha MCA, kaunti ya Kilifi, Kenya. Alikuja mtu aliyejiita mtaalamu wa takwimu, akalipwa pesa nzuri, akatuletea ramani ya wadi yenye rangi mbili: hapa ngome, hapa si watu wenu. Rangi alizitoa kwenye kura za urais za 2017, na asilimia ya kujitokeza ni ya taifa zima. Kituoni hakukanyaga hata siku moja! Shemeji aliuza ploti na ng'ombe kwa neno la mtu huyo, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Tulimwaga kila kitu upande wa barabarani, kwenye hiyo "ngome". Vijiji vya juu hatukupeleka hata wakala wa maana. Tarehe 9 Agosti ngome ikalala. Vijana walioandikishwa pale wanafanya vibarua Mombasa na Mtwapa; nani atawalipa nauli na siku za kazi zilizopotea? Wengine walishakufa, majina yamebaki. Ukaguzi wa kampuni ya KPMG mwaka huo ulikuta karibu marehemu 250,000 kwenye daftari la wapiga kura la nchi nzima. Usiku nilisoma fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA ya kituo, iliyobandikwa mlangoni mwa darasa la shule ya msingi: hata nusu ya walioandikishwa hawakufika. Kule juu akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, kwa sababu mpinzani wetu mmoja alihangaikia silanga lao, bwawa la maji, lichimbuliwe upya kabla ya kampeni kuanza.

Na wale wachache waliotufikia hawakupiga suti, yaani chama kimoja juu mpaka chini. Fomu 34A, ya matokeo ya urais, ya chumba kilekile ilionyesha mgombea urais wetu amezoa. Kura za MCA zilikuwa zimetawanyika kwa wagombea huru na vyama vidogo. Rais anabebwa na upepo wa chama. MCA anapimwa na watu wanaojua alifika kwenye matanga ya nani, na basari ya wadi ilienda kwa mtoto wa nani.

Kwa hiyo hesabu kituo kwa kituo, na hesabu waliopiga kura. Walioandikishwa si kura. Kitaifa walijitokeza karibu asilimia 86 mwaka 2013, na 2022 wakashuka hadi karibu 65. Asilimia 65 ya 16,000 ni 10,400, na hata hiyo ni wastani wa nchi, haikuambii kijiji gani kitalala. Kituo cha kupigia kura cha 2022 hakikuzidi watu 700, kwa hiyo kila fomu ni majirani unaowajua kwa majina. Mawakala walipewa nakala za 36A. Watafute, hata wa mahasimu wako, wengi wanazo bado chini ya godoro. Za 34A tume ya uchaguzi, IEBC, ilizianika mtandaoni. Ziweke mbili za chumba kimoja pamoja. Kwanza gawanya kura zilizopigwa kwa walioandikishwa, kisha uone mgombea urais alipata ngapi na MCA wa chama hicho alipata ngapi. Ile tofauti ndiyo watu ambao chama hakikuletei, itabidi uwafuate mwenyewe kwa miguu.

Ukizipata zilete hapa, nitakaa nawe tuzipitie hata usiku kucha. Anza na ile shule unayoamini kabisa kwamba ni yako.