Leseni "imesitishwa": niandike "revoked"?

SWALI: Mwakeye. Mimi ni karani wa kike katika kampuni ndogo inayonunua na kusafirisha dagaa na migebuka hapa Kigoma. Halmashauri imetuandikia kwamba leseni yetu ya biashara "imesitishwa kwa muda wa siku 30 hadi mtakaporekebisha kasoro za usafi wa ghala". Mteja wetu wa Mpulungu, Zambia, anataka maelezo kwa Kiingereza. Bosi kaniambia niandike: "The council revoked us our licence." Mwenzangu ofisini anasema neno ni "deleted". Nani yuko sahihi, na hilo "revoke" hasa linatumikaje?

JIBU: Dada, kama barua haijatumwa, izuie kwanza. Hakuna aliye sahihi kati yao, na kosa la bosi wako ni zito kuliko la sarufi tu. Mteja wa Mpulungu akisoma "revoked" ataelewa kwamba kibali chenu hakipo tena, na ataanza kutafuta muuzaji mwingine. Barua ya halmashauri haisemi hivyo. Leseni iliyositishwa bado ni yenu, ila hamruhusiwi kuitumia kwa sasa. Kwa Kiingereza hiyo ni "suspended".

Naona mkanganyiko ulikoanzia. Kitenzi chetu "kufuta" kinabeba mizigo mingi, na Kiingereza kimeigawa. Bunge likifuta sheria, wao husema "repeal". Ukifuta safari ni "cancel". Ukifuta ujumbe kwenye simu, hapo ndipo "delete" ya mwenzako inapofaa. Benki ikifuta deni ni "write off". Mamlaka ikifuta leseni, kibali au uteuzi, hapo sasa ndipo "revoke" inapoingia. Kwa hiyo ukikutana na "kufuta" katika barua ya Kiswahili, usikimbilie neno la kwanza linalokujia. Tazama kwanza ni kitu gani kinachofutwa.

Kiini cha "revoke" ni kwamba aliyetoa ndiye anayeondoa. Ndiyo maana utaiona mara kwa mara katika habari za Kiingereza za hapa nchini Rais anapotengua uteuzi: kinachokuwa "revoked" ni uteuzi, kwa sababu yeye ndiye aliyeutoa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 Rais ana mamlaka ya kufuta miliki ya ardhi, na sheria hiyo kwa Kiingereza inatumia neno hilohilo. Wala si la serikali peke yake. Ukimpa ndugu yako hati ya kukuwakilisha kuuza kiwanja cha Ujiji kisha ukaghairi, unaweza kui-"revoke". Wosia nao ni hivyo. Hata Sheria ya Mikataba inazungumzia kuondoa pendekezo la mkataba kabla halijakubaliwa, na Kiingereza chake ni "revocation".

Mwenye kibali akikiacha mwenyewe, neno linabadilika. Wale Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu huko Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo, walipoomba uraia wa Tanzania walitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Kukana huko ni "renounce". Mtu akiandika kwamba uraia wao wa Burundi ulikuwa "revoked", amegeuza habari yote: anamwambia msomaji kwamba Burundi ndiyo iliyowanyang'anya. Nalisisitiza hili kwa sababu katika makaratasi ya uraia na ukimbizi, ambayo mkoa wetu unayo mengi, neno moja kama hilo linaweza kumletea mtu maswali mazito mbele ya afisa.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yenu ni wa mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipopumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Uvuvi ulisimama miezi mitatu, lakini leseni za wavuvi hazikufutwa kwa sababu ya kupumzisha ziwa. Ukimwandikia mtu wa nje kuhusu kipindi kile, sema "fishing was suspended". Na leseni ambayo muda wake umekwisha tu, bila mtu kuigusa, ni "expired".

Sasa sarufi ya bosi wako. "Revoked us our licence" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Sisi tunasema "wametufutia leseni", na ile "-tu-" inakaa vizuri kabisa. "Revoke" haina nafasi ya mtu huyo. Kinachofuata baada yake ni kitu kilichotolewa: "revoked our licence", basi. Kwa sababu hiyohiyo, usiandike "the director was revoked". Uteuzi wake ndio uliotenguliwa, mtu hatenguliwi. Na ukihitaji nomino, "k" inageuka "c": "revocation".

Jambo jingine la kuangalia ni njia ya kurudi. Leseni ikiwa "suspended", mnasubiri zuio liondolewe, na Kiingereza chake ni "the suspension has been lifted". Ikiwa "revoked", mnabaki na kukata rufaa pale sheria inaporuhusu, au kuomba leseni upya. Mteja mzoefu anajua tofauti hiyo, naye atapanga fedha zake kwa kuifuata.

Andika hivi: "Our business licence has been suspended while we correct hygiene faults at our store. We expect to resume supply once the suspension is lifted." "Licence" ikiwa nomino iandike kwa "c", kwa Kiingereza cha Uingereza tunachokifuata sisi na Wazambia.

Utaona sikuweka zile siku 30, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Sentensi ya halmashauri ina vikomo viwili: siku 30, na siku mtakapomaliza marekebisho. Mkimaliza ghala baada ya wiki mbili, mnafungua au mnangoja? Na siku 30 zikiisha kabla hamjamaliza, itakuwaje? Kiingereza hakiwezi kunyoosha kilichopinda kwenye Kiswahili. Nenda na barua yako kwa afisa biashara, mwombe akuandikie ni kikomo kipi kinachotawala, ndipo uongeze tarehe. Mteja wa Mpulungu atapakia barafu na kukodi chombo kwa kutegemea tarehe utakayompa.