Anza na mnunuzi, mapipa baadaye

Dada, umeuliza uanzie wapi kutenganisha taka, nyumbani kwako Makorora na shuleni unapofundisha. Kabla ya kununua mapipa, muulize mnunuzi wa chakavu wa mtaani kwenu anachukua nini. Wengi hupima kwa kilo chupa za maji, madumu, makopo na vyuma. Asichonunua usikirundike, utafuga panya bure.

Nyumbani viroba viwili vinatosha, cha chupa na cha makopo. Chupa isuuzwe, ikanyagwe, ndipo ifungwe kifuniko. Usipoikanyaga kiroba kitajaa hewa. Tazama namba iliyo chini yake: chupa za maji huwa 1, madumu mengi 2. Usizichanganye, ni plastiki tofauti. Makopo ya alumini yatunze zaidi, kwani kuyayeyusha hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya. Maganda ya machungwa na mihogo yafukie yawe mboji.

Shuleni anza na darasa moja, na pesa ya chupa waamue wanafunzi wenyewe, hata wakitaka mpira. Ofisini kwa shemeji, karatasi iandikwe pande zote mbili kwanza.

Plastiki isiyonunuliwa wape wazoa taka. Msiichome uani, moshi wake una sumu.