HTLV-1: mwili unapambana nacho, mbona hakitoweki?

Swali: Daktari, nasikia kuna kirusi HTLV-1 kinacholeta saratani ya damu. Ni sawa na VVU?

Jibu: Ni wa ukoo mmoja, lakini kipimo cha VVU hakikioni. VVU huua seli T za kinga. HTLV-1 huzichochea zizaane. Saratani yake ilielezwa Japani mwaka 1977 na Kiyoshi Takatsuki na wenzake, walioona kwamba wagonjwa wengi wana asili ya Kyushu, kisiwa cha kusini mwa nchi hiyo. Kirusi chenyewe kilitangazwa mwaka 1980 na maabara ya Robert Gallo, Marekani.

Swali: Kama kingamwili (protini za kinga zilizomo kwenye damu) zipo, kwa nini mtu haponi?

Jibu: Kingamwili hunasa virusi vilivyo nje ya seli, na HTLV-1 hutoka nje kwa nadra sana. Hupita seli moja hadi nyingine zinapogusana, kisha hujipachika kwenye vinasaba. Seli ikigawanyika, nacho kimeongezeka. Kazi kubwa ya kukidhibiti hufanywa na seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, nazo huzitambua hasa kwa protini ya kirusi iitwayo Tax. Kwa wengi hazipumziki maisha yote. Ndiyo maana sikubali mtu akisema kinga yao “imeshindwa”. Tatizo ni kwamba kirusi huizima Tax muda mwingi na kutegemea protini nyingine, HBZ, inayochochea seli kuzaana huku kinga ikiitambua kwa shida. Urithi nao una nafasi: huko Kagoshima, Kyushu, wenye kinasaba cha kinga kiitwacho HLA-A*02 walikuwa na kirusi kwa kiwango cha chini zaidi.

Swali: Nimepimwa, ninacho. Nitapata saratani?

Jibu: Pole kwa hofu hiyo. Yaelekea hutapata: ni takriban 5 katika kila wabebaji 100, kwa kawaida miongo mingi baada ya kuambukizwa wakiwa wachanga. Usichangie damu, na tumia kondomu. Tezi zikivimba, au upele ukikataa kuisha, nenda hospitali. Kabla ya kupewa dawa za steroidi, omba upimwe minyoo ya Strongyloides, maana kwa mwenye HTLV-1 inaweza kusambaa mwilini na kuua.

Swali: Chanjo ipo? Mimi ni mjamzito.

Jibu: Bado haipo. Japani ilianza kupima damu ya wachangiaji mwaka 1986, na mwaka uliofuata Nagasaki ikaanza kuwapima wajawazito na kuwashauri wenye kirusi wasinyonyeshe. Maambukizi kwa watoto yakashuka sana. Lakini maziwa ya kopo pasipo maji salama yana hatari yake, kwa hiyo usiamue peke yako. Zungumza na daktari wako kabla hujajifungua.