Maswali na Majibu: Marlin 39A Iliyoachwa kwa Wosia

Swali: Wahariri, salaam. Baba mkwe wangu amefariki hapa Ohio, na katika wosia ameniachia bunduki ya risasi za .22, ile inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Imeandikwa Marlin 39A na namba yake inaanza na 26. Kifyatulio kina rangi ya dhahabu, na chini ya kitako kuna kitufe cheusi chenye pete nyeupe. Ni ya lini? Na mimi, mzaliwa wa Tanga mwenye kadi ya kijani, naruhusiwa kuwa nayo?

Jibu: Pole kwa msiba, dada. Kabla ya yote, hakikisha haina risasi, hata kama umeapiwa kwamba ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama na kidole kikae mbali na kifyatulio. Chini ya mtutu kuna bomba la magazini linalomeza hadi risasi 19 za Long Rifle, yaani .22 ndefu. Vuta bomba la ndani litoke lote, kisha inamisha bunduki uone kama kuna kitakachodondoka. Halafu shusha mkono wa kukoki, umulike chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa tochi na uiguse kwa kidole. Usiache hatua hata moja, kwa sababu bomba likiwa na kibonyeo risasi hunasa katikati na magazini huonekana tupu wakati si tupu.

Umri wake ni hesabu rahisi: kwa Marlin za kuanzia 1973 hadi mwisho wa miaka ya 1990, toa tarakimu mbili za mwanzo kwenye 100. Yako ni 100 kutoa 26, ni 74, yaani mwaka 1974, na wakati huo kiwanda kilikuwa North Haven, Connecticut. Kitufe hicho ni alama ya Marlin, kwa hiyo kitako kinaelekea kuwa chake cha asili. Asili ya mtambo huu ni Marlin ya 1891, na mlenga shabaha Annie Oakley alizitumia .22 za ukoo huu. Umepata kitu cha thamani.

Haina kitufe cha usalama. Hicho kilikuja 1988. Kinga yake ni nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake, kusimama nusu ya njia, na nyundo hushushwa kwa dole gumba polepole. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa hiyo jizoeze ikiwa tupu.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mkazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, kumiliki bunduki, na anayerithi kwa wosia anaweza kuipokea hata ikitoka jimbo jingine, mradi hana zuio jingine la kisheria. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida amezuiwa. Majimbo nayo yana masharti yake, kwa hiyo muulize wakili anayesimamia mirathi. Usiitie kwenye kontena la kwenda Tanga: inahitaji ruhusa ya kutoka Marekani na kibali cha kuingia Tanzania, na bila karatasi hizo ni kosa kubwa nchi zote mbili.

Swali: Ya kwangu ni 39A pia. Huwa naifyatua tupu ili kusikia mtambo unavyolia. Siku hizi kuna risasi zinazogoma kuwaka, na maganda mengine hayatoki. Springi imechoka?

Jibu: Huenda imechoka, lakini kwanza acha kuifyatua tupu. Risasi ya .22 haina fataki katikati ya kitako chake kama risasi kubwa. Baruti ya fataki imeenezwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inayosukumwa na nyundo huwasha kwa kuubana ukingo huo kwenye mdomo wa chemba. Ganda lisipokuwepo, pini inaweza kuupiga mdomo wenyewe. Chuma hubonyea na kutoa kinundu kinachoingia ndani ya chemba. Baadaye ukingo wa ganda unaangukia kwenye kibonyeo, unakosa pa kubanwa, na kinundu kinalikwaruza ganda likiingia na kutoka. Mulika mdomo wa chemba pale pini inapogonga. Ukiona kovu, mpelekee fundi wa bunduki mwenye chuma maalumu cha kurudisha kinundu mahali pake. Usiguse kwa tupa: ukichonga chuma kile, hakirudi tena.

Risasi ikigoma, elekeza mtutu mahali salama ukisubiri sekunde 30, ndipo ufungue. Itazame alama ya pini. Ikiwa imezama vizuri, lawama ni ya risasi. Ikiwa hafifu, shuku springi ya nyundo, mafuta yaliyoganda kama gundi, au chemba chafu inayozuia risasi isikae hadi mwisho.

Kuhusu maganda kunasa, je, unatumia pia risasi fupi za Short? Ganda la Short lina urefu wa milimita 10.7, la Long Rifle milimita 15.6. Short nyingi huacha pete ya masizi ndani ya chemba, mbele ya pale ganda lao linapoishia. Ganda refu likiwaka, hutanuka juu ya pete hiyo na kunasa. Kabla ya kurudi kwenye Long Rifle, pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kuyeyusha masizi.

Uzuri wa 39A ni kwamba husafishwa kutokea nyuma, bila ufito wa kusafishia kukwaruza mdomo wa mtutu. Bunduki ikiwa tupu na nyundo isiwe imelala mbele, legeza kwa sarafu ile skrubu kubwa ya ubavu wa kulia, kisha sukuma kwa kiganja hadi vipande viwili viachane. Shika komeo, yaani kile chuma kinachoziba chemba, maana hapo halijashikwa na kitu na litadondoka. Safisha pia chini ya kucha inayovuta ganda. Vumbi la risasi na nta hujazana hapo. Tone mbili za mafuta ya cherehani zinatosha mtambo mzima. Wakati wa kuunganisha, vipande vikikataa kukutana, usivilazimishe kwa skrubu. Angalia nyundo na komeo vimekaaje, ujaribu tena.

Swali: Nipige msasa na vanishi kitako kilichochakaa?

Jibu: Hapana, tunakusihi. Wanunuzi wa bunduki za zamani hulipia mbao na rangi ya kiwandani, hata zikiwa na makovu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, halafu paka matone machache ya mafuta ya kitani kwa kiganja. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuleta kutu.

Swali: Nina Model 39 ya zamani zaidi, namba yake haina herufi HS. Nitumie risasi gani?

Jibu: Za mwendo wa kawaida tu. HS iliwekwa kwenye zile zilizoimarishwa komeo kwa ajili ya risasi za kasi kubwa. Komeo la zamani linaweza kupasuka. Mwombe fundi alikague kwanza kama lina ufa.