Dazeni yenye vitu 13

SWALI: Ninachuuza mikate hapa Lubumbashi, mtaa wa Kenya. Juzi niliagiza biskuti kwa muuzaji mmoja wa Kitwe, Zambia. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kwa bei ya dazeni atanipa “baker’s dozen”. Mtoto akatafuta kwenye kamusi, akakuta “dazeni ya mwoka mikate”. Sasa mimi sikuagiza mikate! Ni dazeni kamili, au ananipunguzia?
Mama muuza mikate, Lubumbashi

JIBU: Hapunguzi, Mama, anakupa matabishi, yaani nyongeza ya bure. Maneno hayo maana yake ni vitu 13 kwa bei ya 12, viwe biskuti, mayai au misumari. Mwoka mikate amebaki kwenye jina tu.

Jina limetoka Uingereza, kwenye sheria ya mkate ya karne ya 13. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1266. Chini ya sheria hiyo bei ya mkate ilisimama palepale, uzito ndio uliocheza. Ngano ikipanda, mkate unakonda. Ngano ikishuka, unanenepa. Mwoka aliyekutwa na mikate myepesi alitozwa faini, na aliyezidi kurudia alifungwa shingo na mikono kwenye mbao mbele ya watu. Sheria hiyo ilidumu London hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Ndipo wengi husimulia kwamba waokaji, kwa woga, waliongeza mmoja juu ya kila 12. Woga wenyewe ulikuwa na sababu. Donge la gramu 460 likiingia tanuri linatoka mkate wa gramu 400 hivi, maana maji huondoka na mvuke, na uzito hupungua kwa 10 hadi 15 kwa mia. Ukikata madonge kwa kukadiria, au likikaa upande wenye moto mkali, unapoteza zaidi. Lakini hadithi hii ina tundu: sheria iliweka uzito wa mkate mmoja. Aliyenunua mmoja mwepesi, huo wa 13 ungemfaa nini?

Sisi tunashika maelezo ya pili, na wewe utayaelewa kuliko wengi. London ya zamani ilikuwa na wachuuzi wanawake waliopeleka mikate nyumba hadi nyumba. Bei imefungwa na sheria, kwa hiyo hawakuweza kuongeza kitu juu yake. Basi wapate wapi chao? Mwoka aliwapa 13, wakalipia 12, na huo mmoja ukawa ndio faida yao. Weka hesabu hiyo kwenye beseni lako: mkate ukiwa franga 1,000, unatoa 12,000 depo unakochukua mikate, unauza 13,000, unabaki na 1,000, kama 8 kwa mia. Mmoja ukilaliwa na wenzake ukavunjika, umetembea bure siku nzima.

Kuna pia wanaosema 13 ni kwa sababu mikate hupangika vizuri kwenye sinia 4, 5, 4. Hupangika kweli, lakini hiyo si sababu.

Hata Wafaransa wanasema “treize à la douzaine”, na wachapishaji wao walizoea kumpa mwenye duka vitabu 13 kwa bei ya 12. Kwa hiyo muuzaji wako hana ujanja wa Kiingereza. Ni nyongeza ileile unayodaiwa wewe na wateja kila asubuhi.

Ila usimwachie maneno. Mwandikie kwa tarakimu: “ninalipia 12, unatuma 13”. Ukilipia dazeni 10, zihesabu zifike pakiti 130, na kwenye fakture (ankara) aandike 130 vilevile. Akiandika 120, hizo 10 za bure zitakuletea maswali mpakani pale Kasumbalesa.