Gitaa la besi chumbani: usinunue wati za kwenye boksi

Swali: Fundi, shikamoo. Najifunza gitaa la besi la nyuzi 4 ili nipigie kwaya yetu. Nimepanga chumba kimoja hapa Morogoro, kama mita 3 kwa 3, na jirani tumetenganishwa na ukuta tu. Nimeona dukani amplifaya ndogo ya besi, wati 25, spika ya inchi 8. Muuzaji mwingine anasema kwa hela hiyohiyo nichukue sabufa iliyoandikwa wati 8000 PMPO, kuna fundi atanifungia tundu la kuchomekea gitaa. Wenzangu wa kwaya nao wanasema wati 25 ni za watoto. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Chukua ya wati 25. Sabufa iache hapohapo dukani.

Hiyo 8000 kwanza, maana ndiyo inayomaliza hela za watu kila siku. Igeuze sabufa, usome kibandiko cha nyuma penye 230V na 50Hz. Mara nyingi utakuta inavuta wati 40, 60 au 80. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kupeleka 8000 kwenye spika mfululizo. Hata hizo 60 hazifiki zote, kwa sababu nyingine zinaishia kuwa joto. PMPO, yaani nguvu inayodaiwa ya kilele cha kitambo kidogo, haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Uliza wati RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo bila sauti kupasuka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sabufa nyingi za bei ya chini zimefungwa IC (kijichipu cha kukuza sauti) ya TDA2030. Ikilishwa volti 12 kila upande, chanya na hasi, baada ya upotevu zinabaki kama volti 10 za kilele. Zidisha 10 kwa 10, gawanya kwa mara mbili ya omu (kipimo cha upinzani) za spika. Spika ya omu 8 inapata wati 6 na robo, ya omu 4 inapata 12 na nusu. Basi. Halafu anakuja mtu anang'oa TDA2030, anapachika TDA2050 inayoingia kwenye miguu ileile, anakutoza hela ya "kuongeza nguvu". Transfoma ni ileile na volti ni zilezile, kwa hiyo wati haziwezi kubadilika. Mwingine anatoa spika ya omu 8 anaweka ya omu 4. Huyo kweli ataongeza sauti kidogo, lakini mkondo umekuwa mara mbili, na transfoma na bati la kupozea IC pengine havikupangiwa mzigo huo. Vikichemka sana, kitu kinaweza kuungua.

Tuseme sasa umepata sabufa yenye wati 100 za kweli. Bado si kifaa cha kujifunzia besi, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Uzi wako wa E ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, wa G mara 98. Lakini sikio halitambui noti kwa mtetemo huo wa chini peke yake. Linahitaji pia sauti zinazopanda juu yake, 82, 123 na kuendelea, hadi maelfu ya Hz (mitetemo kwa sekunde), ambako unasikia kidole kinavyogusa uzi, freti (vyuma vya shingoni mwa gitaa) inavyolia na uzi ulioachwa bila kuzibwa. Sabufa imechujwa kwa makusudi ipokee sauti za chini tu, zilizobaki zinasukumwa kwenye vispika viwili vidogo. Kasha lake nalo lina tundu la hewa lililopimwa ili kunenepesha noti chache. Matokeo yake noti moja inatikisa dirisha, ya jirani yake inapotea. Mwanafunzi anadhani vidole vyake ndivyo vibovu. Anakaza pale panapofifia, analegeza pale panapovuma, na akishazoea hivyo, siku akishika amplifaya ya kweli upigaji wake unayumba. Kuufuta mkono uliojifunza vibaya ni kazi ndefu kuliko kuufundisha vizuri tangu mwanzo.

Na hilo tundu la kutobolewa? Gitaa lisilo na betri linataka kuingia kwenye upinzani mkubwa, takriban omu milioni 1. Tundu la sabufa lina omu elfu 10 hadi 50 hivi. Sauti inaingia ikiwa dhaifu na iliyozibwa, unapandisha volyumu, unaletewa kelele tu.

Kuhusu wati 25 kuwa za watoto: spika ya kawaida hutoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Chumbani kwako utatumia wati 1 au 2, zilizobaki ni akiba ya pale unapodonoa kwa nguvu ili sauti isipasuke. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziwe mara 10. Kwa hiyo ukiwa na hela ya ziada, itafutie spika ya inchi 10 na kasha zito, usiikimbizie wati. Fender Rumble 25 na Ampeg BA-108 zote zina spika ya inchi 8, Rumble 40 ina ya inchi 10. Ya inchi 8 haitakupa ile 41 kamili, lakini sikio lenyewe linaijaza kutokana na sauti za juu yake, na kwa mazoezi inatosha. Wenzako wana haki jambo moja tu: kanisani penye ngoma haitasikika. Huko unaingia kwenye mixa ya kanisa kwa kisanduku cha DI, kinachoiandaa sauti ya gitaa iingie vizuri kwenye mixa.

Chumba chako nacho kitakudanganya. Kuta zilizoachana mita 3 hunenepesha sauti za karibu Hz 57, na uzi wako wa A ukiwa wazi ni 55. Utavuma. Usiulaumu mkono. Itoe amplifaya kwenye kona, iweke juu ya stuli ikuelekee usoni, kisha punguza kidogo kitufe cha besi.

Kwa ajili ya jirani, hakikisha ina tundu la hedifoni linalokata spika, pamoja na tundu la kuingiza nyimbo kutoka kwenye simu kwa waya. Spika ya bluetooth usiifikirie kwa kupigia: mara nyingi inachelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mdundo utakuacha.

Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe. Volyumu nusu, piga E wazi na F, acha zilie mpaka ziishe, sikiliza kama kasha linatetemeka au spika inakwaruza. Panda noti kwa noti mpaka freti ya 12, kila moja isikike karibu sawa na ya kabla yake. Zungusha vitufe vyote, kinachokwaruza ni kichafu au kimekwisha. Ukipewa iliyotumika kutoka Japani au Marekani, soma volti kabla ya kuchomeka. Ya volti 100 au 120, isiyo na swichi ya kubadilisha, ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha inaungua papo hapo.

Jambo la mwisho, na hapa sina subira na mtu. Amplifaya ikinguruma, kuna wanaokuambia ukate mguu wa athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwenye plagi. Kweli, pengine mngurumo utapungua. Lakini nyuzi za gitaa lako zimeungwa kwenye bodi ya amplifaya kupitia waya. Siku waya wa moto ukigusa bodi hiyo na athi haipo, umeme unakuja kwenye vidole vyako, na ukishika maikrofoni kwa mkono mwingine unapita kifuani. Watu wamekufa hivyo jukwaani. Mngurumo wa umeme wa 50Hz unakaribia sana noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, utaulinganisha hapo uutambue. Chomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya: mngurumo ukinyamaza, tatizo ni waya, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi), au umekaa karibu na chaja na transfoma, sogea. Mngurumo ukiendelea bila gitaa, huenda ni kapasita za umeme ndani, mpe fundi aziangalie, au soketi ya chumba haina athi kabisa. Vyumba vingi vya kupanga soketi ina matundu matatu na nyuma yake zimefika waya mbili tu, kwa hiyo mwite fundi umeme aipime kabla hujachomeka chochote chenye nyuzi za chuma.