Sindano, kalenda na machozi ya kutafuta mtoto

Barua za wiki hii karibu zote zinatoka kwa watu walio kwenye matibabu ya uzazi. Najibu nne.

Leo ni siku ya nane nadungwa sindano za homoni. Nalia ovyo, namfokea mume wangu, na mavyaa asema nikiacha mawazo nitashika mimba. Je, najiharibia mwenyewe? (Kisauni)

La, mwanangu, usijitwike hilo. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 14 za wanawake 3,583 waliokuwa kwenye matibabu ya uzazi. Walioanza wakiwa na wasiwasi mwingi hawakukosa mimba zaidi ya wenzao waliotulia. Homoni na kungoja ndivyo vinavyokuliza. Mavyaa aelezwe na mwanawe. Wewe sasa huna nguvu za kumfafanulia mtu.

Daktari ametupangia siku za kukutana. Ikifika siku yenyewe, mwili wagoma. Mke wangu adhani simtaki tena. (Likoni)

Hili huwapata wanaume wengi, ila hawalisemi. Mwambie mkeo waziwazi kwamba yeye wamtaka, ni kule kupangiwa kunakokulemea. Kisha muulize daktari nafasi mliyo nayo ni ya siku ngapi. Mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku tano mwilini mwa mke, kwa hivyo mara nyingi hapana haja ya kung'ang'ania usiku mmoja. Na zile siku zisizo na hesabu zirudisheni kuwa zenu: shukeni ufukweni Mama Ngina jioni, mle mihogo na madafu, na neno hospitali lisitajwe. Hali ikiendelea, mweleze daktari. Hilo nalo ni sehemu ya matibabu.

Naogopa kupandikiza mimba ni haramu, na usingizi sipati. (Majengo)

Fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu, mradi yai na mbegu ni vya mke na mume walio ndani ya ndoa. Nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini kabla ya kuanza, hofu hiyo msiingie nayo hospitali.

Mara ya pili imeshindikana. Mume wangu hasemi kitu, aenda kazini na kurudi. Na Ijumaa ni arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa wifi yangu. (Bamburi)

Pole sana. Nami nilipopigiwa simu kwamba imeshindikana nilikuwa nasukuma mahamri; nikaendelea kusukuma hadi donge likakauka kibaoni. Mume wangu akanyamaza, nami nikamchukia siku tatu. Usiku wa nne nilimkuta uani gizani, analia, amefungulia mfereji nisimsikie.

Usimhukumu mumeo kwa kimya chake. Usimuulize maswali pia. Kaa karibu naye, umwambie, "Nami naumia." Pengine atajibu kesho, pengine wiki ijayo.

Arobaini si lazima uende. Mpigie wifi yako mapema, wewe mwenyewe, umpe hongera na umwambie hutaweza. Zawadi mpe mtu akupelekee. Akinuna, hasira zitamwisha.

Ya tatu msiianze bado. Ikiwa wiki mbili zapita hulali wala huli, au huoni sababu ya kuamka, usingoje zaidi: omba kuonana na mshauri nasaha, na mumeo aje. Mwaweza kukaa kimya nusu saa nzima mkiwa mbele yake, amezoea.